Ulimi wa Grizel

Daktari Lindores alipomaliza barua za siku aliita chini, naye Grizel akaosha mikono, akavua aproni yenye majivu, akapanda ngazi hadi chumba cha kuandikia na kutoa ulimi. Kazi yake ilikuwa kulowesha kaki. Zilikuwa vidude vyekundu vya unga, vyembamba kama ukucha, ambavyo watu wa Edinburgh walifungia barua zao. Unailowesha kaki kwa mate, unaibandika kwenye mkunjo wa karatasi, unaikandamiza kwa kidole, basi. Daktari hakupenda kutumia ulimi wake mwenyewe. Alisema unga ule ulimletea kiungulia.

Wagonjwa wake wengi hakuwahi kuwaona. Waliishi mbali, katika majumba ya mawe, wakamwandikia namna walivyojamba na walivyotapika, choo chao kilikuwa cha rangi gani, na walikula nini kabla ya hapo. Daktari alisoma, akafikiri, akajibu. Mgonjwa alipoipokea barua na kuivunja kaki, ugonjwa ulimtoka ukaingia tumboni mwa Grizel. Ilikuwa hivyo tangu wiki yake ya kwanza katika nyumba ile, na hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kuitia watu. Makaa huingia kwa mlango wa nyuma, maji hupandishwa kwa ndoo, magonjwa huja kwa Grizel.

Yalikuja na ladha zake. Grizel alikula uji wa shayiri asubuhi na uji wa shayiri jioni, lakini alicheua bata bukini, divai na jibini la Kiholanzi. Jaji mmoja mzee alimpinda mgongo na haukunyooka tena. Mjane mmoja tajiri alimwachia mngurumo wa tumbo uliolia kama paka ndani ya gunia, ikabidi akalale stoo ya makaa ili wenye nyumba wapate usingizi.

“Leo tuna mgeni gani?” aliuliza Tibbie, mpishi, alipomwona ameshika ukuta.

“Bwana wa Kinharvie,” Grizel alijibu kwa sauti ndogo.

“Yule wa samaki wa moshi? Basi kajambie uani, mwanangu. Hapa nimeweka mikate iumuke.”

Daktari aliupenda mpango huu kwa sababu ulimrahisishia kazi. Dawa hufuata ugonjwa, alisema. Kwa hiyo zebaki, mizizi chungu na chumvi ya kuharisha alimnywesha Grizel, akaketi kando yake na kalamu kuona kitakachotokea. Mara nyingine aliandika kitabuni mwake kwamba dozi ile ilikuwa kubwa mno kwa binadamu, na kesho yake akaipunguza kidogo.

Mara moja tu mambo yaliharibika. Mtumishi wa bwana mmoja huko kaskazini aliifungua barua kwa haraka zake, akapona kwikwi aliyokuwa nayo tangu utotoni, na bwana wake akabaki na vidonda vyake vya tumbo. Bwana huyo alilalamika sana. Tangu hapo Daktari aliandika juu ya kila barua: Ifunguliwe na mgonjwa mwenyewe.

Vuli ilipoingia, Euphan muuza chumvi alikuja mlango wa jikoni na kikapu chake mgongoni. Alitoka Pitcarrow, kijiji cha ng'ambo ya ghuba alikozaliwa Grizel, ambako Bethia, mama yake Grizel, alichemsha maji ya bahari katika masufuria makubwa ya Bwana Balcraig mpaka ibaki chumvi. Watu wa kule walilipwa kwa kipimo cha unga.

“Mama yako tumbo halishikilii kitu,” Euphan alisema. “Hata maji yanarudi. Kabaki mifupa na macho. Njoo umwone.”

Grizel hakuweza kwenda. Alikuwa ameajiriwa hadi sikukuu ya Mtakatifu Martin, na mtumishi aliyeondoka kabla ya siku hiyo hakuajiriwa tena na mtu. Isitoshe, kwenda kungemsaidia nini mama? Angemtazama tu. Kilichotakiwa ni barua.

Alikuwa binti wa haya. Tangu aingie nyumba ile hakuwahi kuomba kitu, hata blanketi. Siku hiyo, alipomaliza kulowesha kaki, alibaki amesimama.

“Vipi, ulimi umeganda?” Daktari aliuliza.

“Bwana, mama yangu anaumwa tumbo.”

“Watu wa chumvi hawana tumbo la kuumwa, binti. Wana njaa. Njaa si kazi yangu.” Alichovya kalamu, kisha akaiacha ining'inie. “Ingawa sina hata mmoja wa namna hiyo. Kitabu kizima ni watu wanaokula nyama.”

Akaandika. Alimwandikia Bethia kama alivyowaandikia wote: apande farasi kila asubuhi, aache bata bukini, anywe bilauri ya divai nyeupe iliyozeeka, na asisome vitabu vizito baada ya chakula. Alisoma kwa sauti huku akiandika, na Grizel hakujali. Maneno hayakuwahi kumponya mtu. Aliilowesha kaki mpaka wekundu ukambaki midomoni, akaikandamiza kwa dole gumba na kuhesabu kwamba amemponya mama yake.

Ndipo akakumbuka kwamba posta hulipwa na anayepokea.

“Bwana,” alisema, “mama hataweza kuikomboa.”

Daktari alivua miwani. “Unataka niilipie mimi hapa? Unajua hiyo ni kumwambia mtu nini? Ni kumwandika fukara juu ya barua, kila tarishi asome. Tangu nianze kazi hii sijamvunjia mgonjwa heshima, na sitaanza na mama yako.”

Barua ikaondoka mchana huohuo pamoja na nyingine.

“Heshima!” Tibbie alisema jikoni. “Hiyo inapikwa na nini?” Alizamisha mkono ndani ya pipa la unga, akatoa sarafu aliyokuwa ameificha humo, akampa Euphan alipopita tena, aipeleke Pitcarrow.

Grizel akaanza kusubiri. Uji wake aliula nusu.

“Mbona unajinyima?” Tibbie aliuliza.

“Namwachia mama nafasi.”

Alijua ladha itakayokuja: moshi, mwani, makapi ya shayiri, chumvi. Aliingojea kama wenzake wanavyongoja mchumba.

Asubuhi moja, akipuliza moto, kitu kiliwasili. Aliweka chini kiriba cha kuvuvia, akashika tumbo. Ilikuwa gesi tu, ndogo, yenye joto, isiyo na haraka, na ilipanda hadi kooni na mafuta ya kondoo, vitunguu na siagi.

“Ni yeye?” Tibbie aliuliza.

“Hapana,” Grizel alisema. “Huyu ameshiba.”

Euphan aliporudi, aliiweka sarafu mezani kabla hajashusha kikapu.

“Bi Marget, mwenye duka la posta kule, kaifungua mwenyewe,” alisema. “Kasema barua isiyokombolewa ni mali ya rafu. Kawasomea watu wote pale dukani. ‘Bethia, farasi wako yuko wapi tumpe majani?’ Watu walicheka wakashika mbavu. Mama yako alikuwa mlangoni, kaja kuomba japo aiguse. Naye kacheka kidogo.”

“Halafu?”

“Halafu Marget hajambi tena. Sasa anakula kondoo mpaka mafuta yanamtiririka kidevuni.”

“Namuulizia mama.”

“Nilifika na hela yenu watu wanatoka makaburini, mwanangu.”

Tibbie aliichukua sarafu, akairudisha ndani ya unga.

Jioni Grizel alicheua akiwa mbele ya Daktari, naye akainua kichwa. “Yule wa Pitcarrow amefika? Mbona hukusema? Ladha gani?”

“Kondoo, bwana. Na vitunguu. Na siagi. Lakini si—”

“Siagi!” Daktari aliandika. “Kwa watu wa chumvi!”

“Si mama, bwana. Ni Bi Marget wa posta. Mama amekufa.”

Aliyasema kwa sauti aliyokuwa nayo, na kalamu ilikuwa na sauti kubwa zaidi.

Mezani palikuwa na barua ya Bwana Balcraig. Alilalamikia moto kifuani kila alapo bata bukini, na mwishoni aliuliza, kwa kuwa wafanyakazi wake wanalia kwamba kipimo cha unga hakitoshi, mganga anaonaje? Daktari akajibu vizuri. Aliandika kwamba amepata bahati ya kulichunguza tumbo la mchemsha chumvi wa Pitcarrow, akakuta humo kondoo, vitunguu na siagi tele. Maradhi ya watu hawa ni shibe. Kipimo cha unga kipunguzwe hadi nusu, kwa faida ya afya zao. Aliisoma yote kwa sauti, kisha akasogeza kaki.

Grizel alitoa ulimi. Ulikuwa mkavu, na kaki haikushika. Akajaribu tena, haikushika.

Daktari hakugomba. Alisukuma bilauri ya maji mbele yake. “Kunywa, binti,” alisema. “Nimesikia umefiwa.”

Grizel akanywa, akailowesha.

Bwana Balcraig aliivunja kaki siku ya mvua. Grizel alikuwa anasugua ngazi za mbele. Moto ulimpanda kutoka kitovuni hadi shingoni, na nyuma yake wakafuata bata bukini mzima, divai nyekundu na jibini. Tibbie alimletea beseni bila kuambiwa, akamshikia nywele.

“Nani huyu?”

“Bwana Balcraig.”

“Ameipenda barua?”

“Ameifungua,” Grizel alisema, akainama juu ya beseni, huku Daktari akishuka ngazi na kijiko chake cha dawa.