Menya Ndizi Kwanza

Gogo la mvule lililopotea Matema zama za Mjerumani lilikuwa nene hata wanaume kumi na wawili walioshikana mikono hawakuweza kulizunguka. Shangazi yangu alikuwa akisema kumi na wanne. Mimi nimeandika kumi na wawili ili mniamini.

Mwenye gogo alikuwa Mjerumani mpasua mbao, watu wakimwita Bwana Msumeno. Kambi yake ilikuwa chini ya milima ya Ukinga, pale ziwa linapokomea, na gogo lile lilimla miezi mitatu kulikata na kuliteremsha hadi ufukweni. Meli ya moshi ndiyo ingelivuta kwenda kwenye boma. Lakini meli yenyewe ilikuwa na maringo: haikusogea karibu wala haikungoja mtu. Ilitaka ikute gogo limekwisha kuelea. Basi Bwana Msumeno akamweka babu yangu Asajile juu ya mwamba ulioingia ziwani, apulize baragumu mara aonapo moshi.

Watu walimwonea wivu, kazi ya kukaa na kutazama. Hawakujua ugumu wake. Ziwa letu lina moshi wake lenyewe. Kuna wadudu wa majini, mmoja ni mdogo kuliko punje ya ulezi, na siku yao ikifika hutoka majini wengi kuliko watu wote waliokwisha kufa, wakapanda juu wakizunguka, nguzo nyeusi hadi mawinguni. Kwa mbali huwezi kuapa kama ni wao au ni meli.

Kwa hiyo Asajile alijitungia kanuni. Akiona moshi, alimenya ndizi, akaila yote bila haraka, kisha akatazama tena. Meli ingekuwa bado nguzo moja, nayo imesogea. Wadudu wangekuwa wamepinda, au wamezaa nguzo nyingine. Kila asubuhi alipanda mwambani na kichane cha ndizi kutoka shambani kwao Ikolo, na Bwana Msumeno alidhani ni mlafi tu.

Kanuni ilimfaa mpaka siku alipomenya ndizi kubwa mno. Alipomaliza, meli ilikuwa imekwisha kufika na kuondoka bila gogo, na Bwana Msumeno akatoka mbio na povu la sabuni ndevuni. "Ukichelewa tena," alimwambia, "kazi huna."

Mwezi uliofuata, saa nne asubuhi, Asajile akaona moshi upande wa kusini. Nguzo moja, imenyooka. Mkono ulikwenda kwenye ndizi, akaurudisha. Akapuliza baragumu.

Chini, watu themanini wakalisukuma gogo majini, na ziwa likapanda hata likalowesha kuku waliokuwa uani. Tuntufye, Mkisi wa kijiji cha Lyulilo aliyekuwa mkubwa wa wapiga makasia, akalifunga kamba na kulishikilia kwa mitumbwi sita, wakingoja meli.

Ni Asajile peke yake, kule juu, aliyeona yaliyofuata. Nguzo ile ilipinda kiuno. Ikakatika vipande viwili, na kipande cha juu kikamwagika ziwani kama mvua, pole pole, mbali ambako watu wa ufukweni hawakufika kwa macho. Maji yakawa safi tena. Hapakuwa na meli, wala haikuwahi kuwepo.

Mitumbwi ilishikilia gogo hadi alasiri. Ndipo upepo wa milimani ukashuka, kamba ikakatika, na gogo likaondoka kuelekea kusini, kubwa, tulivu, ndege wamekaa juu yake. Wapo wanaosema bado linazunguka ziwa hadi leo na limeota msitu. Mimi hilo sijaliona.

Bwana Msumeno hakutaka kusikia habari za upepo. Alijua hili: baragumu lililia, kwa hiyo meli ilikuja, meli iliona kwa mbali mitumbwi imeshindwa na gogo, ikageuza kwa dharau. Aliyeshindwa ni Tuntufye. Akafungiwa ghalani, na kesho yake asubuhi angepigwa viboko ishirini na tano na kupelekwa kwenye boma.

Jioni ile Asajile alikaa jikoni akitazama chungu kikichemka.

"Chungu hicho si kigeni kwako," mkewe Tulinagwe akamwambia. "Una nini?"

Akamweleza. Tulinagwe akakoroga mboga mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

"Kuna mwingine aliyeona?"

"Hakuna."

"Basi hakuna."

"Ndiyo."

"Ukisema, viboko ni vyako."

"Na kazi imekwenda. Na huenda wakanipeleka mimi huko boma."

"Nyamaza basi. Ule ulale." Akaepua chungu, akakaa nacho mkononi kwa kitambaa. "Ila chungu hiki ni cha Naomi mke wa Tuntufye. Na mtungi ule wa maji ni wake. Kesho ataleta vyungu vingine, tutasalimiana, ataniuliza kama watu wa mwambani waliona chochote. Nimjibu nini, baba? Nifundishe, nianze kuzoea."

Asajile hakula.

Alfajiri alimkuta Bwana Msumeno akinoa msumeno wake mkubwa. Akasimama mbali kidogo na yale meno.

"Bwana, Tuntufye hana kosa. Meli haikuja. Nilipuliza kwa wadudu."

Tupa ikasimama. "Kwa kitu gani?"

"Wadudu, bwana. Wa ziwani. Walifanana na moshi. Nilijua namna ya kuhakikisha, nikaacha, kwa kuogopa kuchelewa."

"Wadudu wafanane na meli." Bwana Msumeno akaiweka tupa chini. "Nimesikia uongo mwingi katika nchi hii. Huu ni mkubwa kuliko gogo langu. Amekupa nini, yule Mkisi?"

"Hakunipa kitu."

"Vizuri. Nionyeshe. Siku tatu. Nisipoona, viboko hamsini: vyako na vyake, vyote juu yako."

Wakapanda mwambani, Bwana Msumeno na kiti chake na darubini. Siku ya kwanza ziwa lilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa. Siku ya pili vilevile. Bwana Msumeno alihesabu tai. Jioni akasema tu, "Kesho," na Asajile akahisi mgongo wake ukiwasha kabla ya wakati.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda kidogo, moshi ukainuka upande wa mdomo wa mto Songwe. Nguzo moja, imenyooka.

Bwana Msumeno akaruka, darubini jichoni. "Meli," akasema. "Mjinga wewe, hiyo ni meli." Akanyakua baragumu.

Babu yangu hakuwa mtu wa kumshika Mjerumani mkono. Lakini siku ile alimshika. Kwa mkono mwingine akamnyooshea ndizi.

"Menya kwanza, bwana."

Sijui ni kitu gani kilichomfanya yule mtu aimenye. Pengine mkono ule, ulivyokataa kumwachia. Alikula amesimama, macho ziwani. Tonge la kwanza, nguzo bado imenyooka. La pili, ikapinda. Kabla hajameza la tatu, nguzo ya pili ikainuka kando ya ile ya kwanza, kisha ya tatu, kisha saba kwa mara moja, kutoka Songwe hadi mdomo wa Lufilyo, zikizunguka bila sauti, zikapita vilele vya Ukinga na bado zinakwenda juu. Jua likaingia katikati yake, na zile nguzo nyeusi zikawa rangi ya shaba. Ziwa zima lilikuwa linapumua, na ile ndiyo pumzi yake.

Bwana Msumeno akavua kofia. Ganda la ndizi lilikuwa bado mkononi.

Wingu likaja juu yao kwa mvumo mwembamba, kama watu wengi wanaoomba kwa mbali. Likawapita usoni, laini, likajaa ndevuni mwake, na hakujipangusa. Chini ufukweni wanawake walikuwa wanakimbia na vikapu vilivyoloweshwa, wakivipunga hewani kuwanasa, wakicheka.

"Vyote hivi," akasema polepole, "ni wadudu?"

"Ndiyo, bwana."

"Wanafanya nini, wale wanawake?"

"Watawaponda wafanye mikate. Ni mitamu."

Nguzo ya mwisho ikamwagika. Ndipo akavaa kofia.

"Na gogo langu?"

"Gogo ni kosa langu."

"Utakata jingine. Miezi mitatu, huko juu, pamoja na wakataji." Akaanza kushuka, akageuka. "Kisha urudi hapa. Uje na ndizi. Ndogo."

Ghala lilifunguliwa mchana ule. Tuntufye, akiwa ameshasimuliwa yote, alitoka akijinyoosha, akamwangalia Asajile kuanzia juu hadi chini.

"Siku tatu nimelala na panya," akasema, "kwa sababu wewe hukuwa na njaa?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ndaga," Tuntufye akajibu, yaani asante, na akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mikubwa kama makasia. "Una ndizi hapo?"