Sindano ya Mkono wa Kushoto

Shangazi aliingia duka la kwanza la vitambaa akiwa na mashati tisa meupe mfukoni na hasira ya akiba moyoni. Mashati yalikuwa ya kaka yake, mwalimu wa hesabu, waliyemzika mwaka jana. Alikwisha kuyakata vipande, na sasa alitaka kitambaa chekundu cha kuviunganishia, vipate kuwa mfarishi wa viraka. Kwa nini chekundu? Kwa sababu marehemu alisahihisha kila kitu kwa wino mwekundu, hata barua za mapenzi alizoandikiwa. Binti wa marehemu alikuwa amebakiza wiki tatu ajifungue. Mtoto hatamkuta babu. Basi angalau ajifunike mashati yake.

Lakini chekundu kikichuja, mashati yote yatageuka ya waridi, na mwenyewe hayupo wa kuombwa mengine.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Muuzaji mmoja alishamwapia Shangazi kwamba pazia la zambarau halichuji. Akalifua pamoja na nguo za mumewe, na mzee wa watu akavaa fulana za zambarau mwaka mzima, akidai ni sare ya chama. Tangu siku hiyo Shangazi alitega mtego: kabla ya kuuliza kilichopo, aliuliza kisichokuwepo.

Muuzaji wa duka la kwanza mtaa mzima ulimwita Bwana Ipo.

"Karibu mama'angu! Sema unachotaka, kipo."

"Natafuta sindano ya mkono wa kushoto."

Hakupepesa hata jicho. "Ipo. Imeingia jana, iko stoo. Kaa hapo nikuletee."

"Na hiki chekundu, kinachuja?"

"Hicho? Kifue kwa petroli, mama. Kitambaa kitaisha, rangi itabaki."

Akazama stoo. Shangazi akatoka mlangoni.

Duka la pili, msichana hakuinua macho kwenye simu. "Za kushoto zimeisha, zinakimbiliwa sana."

"Na hiki kinachuja?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani, mwanangu?"

"Kidogo cha kawaida."

Shangazi akamshukuru kwa sauti ya kumpa pole.

Duka la tatu lilikuwa uchochoroni, jembamba kama sanduku la kalamu, majora yamepangwa hadi darini. Mwanamama mwenye miwani mizito alikuwa akikata kitambaa.

"Sindano ya mkono wa kushoto," Shangazi akaanza.

Mwanamama akashusha miwani. "Ya mkono imeisha, dada. Imebaki ya mguu."

Wakatazamana. Kicheko kikamtoka Shangazi mpaka akaegemea meza.

"Haya, nani kakuudhi?"

Shangazi akavuta jora jekundu. "Hiki kinachuja?"

"Sijui."

Neno hilo Shangazi hakuwahi kulisikia dukani. Lilimshuka kama maji ya mtungi.

"Hujui, na muuzaji ndiye wewe?"

"Nakiuza, sikukipaka rangi mimi. Tukiulize chenyewe."

Akakata pembe, akaichovya kwenye kikombe cha maji ya moto, akaikandamiza juu ya kitambaa cheupe. Cheupe kikainuka kimepaka rangi ya mdomo.

"Kimejibu," alisema mwanamama.

Wakauliza vyekundu vingine vitatu. Vyote vikajibu vivyo hivyo.

"Sina chekundu cha kukuapia. Nina bluu hii. Shuka langu nimelishonea hiyo hiyo, mwaka wa sita."

"Bila wino mwekundu, huyo si kaka yangu," Shangazi alisema. Akatoa kipande kimoja alichoshindwa kukikata: mfuko mzima wa shati, na chini yake doa jekundu la kalamu iliyovuja. "Mtu huyu hapa."

Mwanamama akalimwagia doa maji ya moto. Akalipaka sabuni, akalikwangua kwa ukucha. Akalibana kwenye kitambaa cheupe: cheupe kikatoka cheupe.

"Doa hili limefuliwa mara ngapi?"

"Wifi yangu kapigana nalo miaka kumi na minane. Kaligombeza kuliko alivyomgombeza mumewe."

"Sasa madukani unatafuta nini? Chekundu kisichochuja unacho mfukoni."

Shangazi akautazama ule mfuko, akaona mahali pake: katikati kabisa, pale kidevu cha mtoto kitakapolala. "Nikatie bluu mita mbili," alisema, akifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini kwanza tuiulize."

Bluu ilipoulizwa, haikujibu neno.

Mkasi ulikuwa bado unalia Bwana Ipo alipoingia mbio, jasho linamtiririka. Shangazi akachutama nyuma ya majora.

"Dada, niokoe! Una sindano ya mkono wa kushoto? Mteja ananisubiri dukani!"

Mwanamama akachomoa sindano kwenye kola yake. "Hii ni ya kulia. Ila ukiigeuza, inakuwa ya kushoto."

Bwana Ipo akaigeuza. Akaikagua kwenye mwanga, jicho moja kalifumba kama mtaalamu. Uso ukamchanua.

"Si nilimwambia ipo!"