Amina ya Mapema

…nitasema Bwana bariki chakula hiki amina, basi, leo supu italiwa ikiwa moto katika nyumba hii, siku hii nimeingojea tangu nilipoolewa, mwanangu ameshafumba macho, mkewe naye, "Mama, tuombee, sasa ni zamu yako," naam, ni yangu, mwenye zamu tumemzika juzi, kiti chake kile pale kitupu, hee, mume wangu na sala zake! aanzie kuumbwa kwa dunia, apitie kwa wajane, mabaharia, madereva, wanaoumwa meno, meno jamani! na mafuta yanaganda juu ya mchuzi, nampiga teke chini ya meza, wapi, nami nikidhani ni ucha Mungu tu, mpaka nilipofumbua macho nimkodolee kwa hasira nikamkuta naye jicho moja liko wazi, linatazama mlango, kumbe mzee anavuta muda, anangoja mtu apite! na akipita tu, "Amina! Karibu ndani, umetukuta mezani," kana kwamba ni bahati, na mimi ndiye wa kupasua paja la kuku mara mbili, fundi viatu alikula hapa, muuza mkaa alikula, yule mlevi akaja akaomba na sahani yangu, halafu mchungaji anasimama kaburini, "Marehemu alikuwa mkarimu," mkarimu! mpishi alikuwa nani?… "Mama, kinapoa," najua, Bwana tunakushukuru… mwanangu ametia komeo mlangoni asubuhi, "Wageni sasa basi, mama, upumzike," nikamwambia ahsante, na nilifurahi, sidanganyi… nani huyo? viatu kwenye kokoto, vinaburuzwa, vimesimama, mwenye njaa hutembea hivyo, nawajua wote kwa nyayo, hatabisha, wenye haya hawabishi, husimama tu wakinusa… "Amina," anasema mwanangu, amina ya nani? sijamaliza mimi, tulia, moyo unanidunda kama msichana aliyeitwa dirishani, ewe mzee, umenifanya nini, miaka yote ile nakupiga teke na kumbe masikio yangu nayo yalikuwa mlangoni, nafumbua jicho moja, komeo lile, linang'aa, supu inaanza kuganda, na igande! Bwana, mpe mwanangu akili ya kuinuka akalitoe lile komeo, nasema kwa sauti, mkewe anacheka puani, viatu bado vipo, ngoja hapo hapo baba, usiondoke, nakuja kwenye amina, komeo likitoka tu, na uwabariki wajane, nami nimo, na mabaharia, na madereva, na wanaoumwa meno, Bwana, ya juu na ya chini…