Salamu za Mtunza Stoo

Mume wa dobi alikuwa mchimba visima, porini huko ambako simu ya mkononi hubaki kuwa tochi tu. Kikosi kizima kilikuwa na simu moja ya setilaiti, na kwa kuwa dakika zake ni ghali, wanaume hawakuruhusiwa hata kuigusa. Kila Jumapili walimpa mtunza stoo salamu zao, naye akawapigia wake zao mmoja mmoja, harakaharaka.

Mtunza stoo mwenyewe alikuwa mwanamke. Tena mwenye sauti ya asali.

Jumapili hiyo dobi alipanda juu ya paa la kazini kwake, akajibanza kati ya mashuka yaliyoanikwa, kwenye pembe ile pekee inayoshika mtandao. Simu ikaita.

"Wifi, hujambo? Mumeo anasema usiku akifumba macho anakusikia ukiimba."

Wifi! Wifi wa wapi? Tangu waoane mumewe hajawahi kumtamkia neno kama hilo. Na huyu amejuaje kwamba yeye huimba?

"Mpe simu mume wangu."

Sauti ya setilaiti huchelewa kufika, lakini dobi alihisi huko wanakonyezana.

"Wifi, dakika zenyewe..."

"Mpe, nimesema! Au amekulalia mapajani?"

Mumewe akaja akihema. "Haloo? Kuna msiba?"

"Leo umetuma niambiwe nini?"

"Nimesema... mwambie sijambo."

"Basi?"

"Na lile bomba la jikoni liangaliwe, linavuja."

"Na ya kuimba je? Kayatunga yeye?"

"Aa, hayo nilimsimulia tu tukiwa tunakula. Sikujua atakufikishia."

Hapo ndipo moto ulipowaka kweli. "Kumbe! Mazuri yangu unamsimulia yeye, mimi unaniletea bomba!"

Kwa mbali ukasikika mnong'ono: "Mwambie mwenyewe, kaka. Anza na kufumba macho."

"Usiku nikifumba macho..." Akakwama.

"Nakusikia," ikanong'ona ile sauti ya asali.

"Nakusikia," akarudia mumewe.

Kidole cha dobi kilikuwa tayari kukata simu. Lakini sauti ya mume ilikuwa ikitetemeka, kama ya mtu anayeposa upya.

"Mwambie huyo mwalimu wako aondoke hapo," akasema. "Aende mbali kabisa, nisisikie hata akikohoa. Halafu uanze upya."