Zahanati ya Mkwe

Tangu alipokikuta kile kivimbe, Tabea hakukaa chini. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, akaenda mtoni ilhali mtungi nyumbani umejaa, akapalilia viazi vya watu ambao hata hawakumwomba. Majirani wa Kichiwa wakaanza kuulizana mama huyu kapatwa na nini, na kwa kuwa watu hawakosi la kusema, wengine wakasema kapata mchumba. Mchumba! Mjane mwenye mjukuu, na baridi ya Juni ile!

Alikikuta akioga. Kilikuwa chini ya titi la kushoto, kigumu, ukubwa wa punje ya njegere, na hakikuuma hata kidogo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mdogo wake Lucia naye alisema hivyo hivyo, hakiumi, na kwetu jambo lisilouma si ugonjwa. Akaendelea kusema hakiumi huku akikifunika kwa majani na kitambaa, mpaka titi likapasuka, mpaka nyumba ikanuka na watu wakawa wanamsalimia wakiwa nje. Walimzika mwaka uliopita. Tabea ndiye aliyemwosha, na alichokiona siku ile hakikumtoka machoni.

Sasa utaniuliza, kwa nini asiende zahanati? Zahanati ilikuwa pale pale nyuma ya kanisa, nyumba ya bati, serikali ya Mwingereza iliijenga na kumweka ndani dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa. Taabu ilikuwa huyo dresa mwenyewe. Aliitwa Kefa, na Kefa alikuwa mume wa Ema, binti wa Tabea wa kumzaa.

Kama hukukulia Ubena hili hutalielewa upesi, kwa hiyo tulia nikueleze. Kwa wazee wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini, mwingine anajifunika kanga na kugeuka. Hawali pamoja, hawapeani mkono, na neno likiwapo linapitia kwa binti. Wala si mama mkwe mmoja tu. Dada zake, binamu zake, wake wa kaka zake, wote wamo. Hesabu mwenyewe ni wanawake wangapi wa Kichiwa hawakuweza kukanyaga kwa Kefa! Watu wazima tulikuwa, Walutheri, kila Jumapili kanisani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba hapo pana kasoro. Tuliita heshima.

Basi Tabea akadandia lori la mbao mpaka Makambako, mahali asipokuwa na mkwe. Alimwambia Ema kwamba anakwenda kuuza njegere. Pale penye maduka ya Wahindi alikuwapo mzee mmoja muuza dawa, jina lake Methusela, ametandaza chupa zake juu ya gunia na maneno yanamtoka kama mahubiri. Alimwuliza Tabea swali moja tu, kama kinauma. Tabea akasema hakiumi. Methusela akamwambia hayo ni maziwa ya zamani yameganda, apake dawa hii yatayeyuka. Dawa yenyewe ilinuka kafuri. Tabea alijua kabisa kwamba anadanganywa, akaichukua vile vile, maana mtu aliyechoka kuhangaika hupokea chochote anachotiwa mkononi.

Ema alimfumania akijipaka. Alikuja kuomba moto, akaingia bila kubisha hodi, akakiona kivimbe ambacho sasa kilikuwa kimefikia kiazi kidogo cha mbegu. Aliketi akalia, kisha akainuka akasema anakwenda kumwambia mume wake, na kama mama atamlaani, basi na amlaani.

Kefa, kijana wa watu, akatafuta njia. Jioni wagonjwa walipokwisha akatundika blanketi katikati ya chumba, yeye akakaa upande huu, Ema na mama yake upande ule. Ema aweke vidole, yeye aulize. Kigumu au laini? Kigumu. Ukikisukuma kinasogea? Kinasogea kidogo. Ngozi imevutwa ndani? Ema hakujua. Kwapani je, kuna kitu? Ema akapapasa akasema hakuna, halafu akasema labda kipo, halafu akaanza kulia tena. Tabea akaona ni upuuzi mtupu, akafunga kanga yake aondoke.

Ndipo Kefa alipozungumza naye moja kwa moja, bila kupitia kwa binti.

"Mama, mama mdogo Lucia alikuja hapa. Alisimama pale mlangoni. Nilipomwona nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikakaa kwenye mahindi mpaka alipoondoka. Nilidhani namheshimu."

Tabea hakuwa na habari hiyo. Siku zote alidhani Lucia alikuwa mkaidi, na alimlaumu mpaka kaburini. Kumbe mdogo wake alijikaza akaja na aibu yake mpaka pale, akakuta chumba kitupu! Alitaka kumzaba kofi yule kijana. Alitaka kujizaba mwenyewe pia, kwa sababu enzi hizo angesimuliwa kisa hicho angemsifu mkwe kwa adabu yake. Akalishika blanketi, akalivuta likaanguka chini.

"Haya, mwanangu, tazama. Nikishakufa heshima yako utampa nani?"

Kefa akatazama. Machozi yalimshuka, lakini alipapasa titi, akapapasa kwapa, taratibu, mpaka aliporidhika. Kwapani hakukuta kitu. Akasema yeye hawezi kupasua, ila Njombe yupo daktari anayepasua, na waondoke kesho yake asubuhi, kwa sababu kivimbe cha namna hii hakimngojei mtu.

Wakaenda. Titi lilikatwa lote, na Tabea alililia, asikudanganye mtu kwamba hakulia. Jeraha likafunga, akarudi Kichiwa kwa miguu yake.

Wanawake wa ukoo wakajaa nyumbani kwake kumpa pole, na unga na kuku. Pole zilipokwisha yakaanza manong'ono, eti ni kweli mkwe alimshika? Fidelia, binamu yake, ambaye mdomo wake haujawahi kupata kizuizi, akauliza kwa sauti kama mikono ya Kefa ilikuwa ya moto au ya baridi. Wakacheka, wengine wakijificha nyuma ya kanga.

"Ilikuwa ya baridi," Tabea akasema. Akafungua nguo, akawaonyesha kovu lote mpaka kwapani. "Na hiki kitu hakikuniuma hata siku moja. Ingizeni mikono jamani, kila mtu, sasa hivi. Nani anacho?"

Mmoja mmoja waliingiza mikono ndani ya nguo, wakiona haya, wakitazama chini. Fidelia alikuwa bado anacheka mkono wake uliposimama. Akaurudisha pale pale, akabonyeza, akamwinulia Tabea macho, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue akakosa la kusema.

Tabea alimvisha koti lake mwenyewe, akamshika mkono, wakatoka kwenda kwa Kefa. Wengine walibaki wameketi, mikono bado imo ndani ya nguo.