Wimbo wa Tatu wa Misumari

Albamu ya Misumari ilipotoka, mashabiki wao waligawanyika siku hiyohiyo. Kwa miaka minne kundi hilo la muziki wa panki lilikuwa likipiga kwenye gereji moja ya Kicukiro, gitaa likikwaruza, mwimbaji wao Shami akipiga mayowe mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Kisha kampuni kubwa ya muziki ya Nairobi ikawapa mkataba. Prodyuza akalipunguza gitaa, akamtaka Shami aimbe, aache kelele.

Wapo walioandika kwamba wimbo wa tatu umewaliza. Mashabiki wa zamani walituma video wakizikata fulana za Misumari kwa mkasi.

"Wametuosha kama maiti," alisema Gisa, mpiga gitaa aliyelianzisha kundi. Ijumaa akabeba spika yake, akaondoka.

Shami alirudi nyumbani kwao Biryogo. Mama yake, Bi Zaina, alikuwa fundi wa kushona mwenye duka hapohapo nyumbani, lakini mchana ule cherehani ilikuwa kimya. Redio ilikuwa inazungumza peke yake.

"Wamepiga wimbo wenu," alisema mama. "Yule unayemwimba ni Rwema?"

Rwema, kaka yake Shami, alifariki kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Kanombe. Bi Zaina aliwahi kwenda gereji mara moja, akaziba masikio, akacheka. Leo alikuwa amesikia kila neno la wimbo wa tatu: "Alinipigia mara tatu, nikaiacha simu ilie."

"Ndiye, mama."

"Alipopiga, alikuwa bado hai?"

"Alikuwa amelala kando ya barabara. Tulikuwa tumegombana asubuhi. Nilidhani anataka kuendeleza ugomvi."

Bi Zaina alilaza kiganja juu ya kitambaa cha mteja. "Miaka minne unawaambia watu wa Kicukiro, mimi nimekaa hapa nashona."

"Sikuwaambia, mama. Nilikuwa napiga kelele ili pasiwe na wa kusikia."

Mama hakulia, wala hakumkumbatia. Alikwenda kufunga mlango wa duka, akarudi kuketi. "Haya. Niambie tangu mwanzo."

Shami akaeleza mpaka adhana ya alasiri. Mama akainuka kwenda kutia udhu. Mlangoni akageuka.

"Kesho tutakwenda kaburini. Utamwambia na yeye."

Walikwenda asubuhi. Shami alifungua kinywa, sauti haikutoka. Mama yake akamshika kiwiko, akasimama naye, akasubiri.