Tundu la Begani

Mkandarasi aliingia karakanani Jumanne asubuhi bila hodi, akaanza kusimulia ndoto yake hata kiti hajakipata. Tangu ana miaka tisa, alisema, alikuwa akiota kumwangusha nyati. Amejenga maghorofa, amesomesha watoto, amestaafu, na mwezi uliopita Mungu kamjalia: nyati dume, risasi moja, bega la kushoto, kwisha kazi.

Mama Chumvi alimsikiliza huku mikono yake iko kwenye ngozi ya nyati huyohuyo. Jina hilo alipewa na mtaa. Kazi yake ni kukausha na kujaza wanyama wa wawindaji, na kwa kuwa vidole vyake havikauki chumvi, majirani humtania kwamba akikoroga mchuzi hana haja ya kuutia kitu. Karakana ilikuwa ya baba yake, na mjini hakuna nyingine.

Mkandarasi hakujua kwamba msoma nyayo aliyemtafutia nyati huyo, aliyevunjwa nyonga kwa pembe siku hiyohiyo, ni mdogo wake Mama Chumvi, tumbo moja. Watu wa aina yake hawamuulizi fundi ana ndugu wangapi.

"Kuna tundu jingine huku nyuma, tumboni," Mkandarasi alisema, akishusha sauti. "Lishone lisionekane. Hili la begani liache. Tena lipanue kidogo, wageni wangu walione."

"La tumboni limetokana na nini, bosi?"

"Purukushani tu. Mnyama yuko chini anakata roho, huyo msoma nyayo wao akamkimbilia kabla hajaambiwa. Nyati akainuka. Nikafyatua tena ikaenda ovyo, mwindaji mkuu aliyetuongoza akammaliza kwa ile ya shingoni." Akatikisa kichwa kama mtu mwenye huruma. "Haraka haraka haina baraka, mama. Keshokutwa kamati ya uwindaji itamfutia leseni. Wewe anza kukwangua leo, nataka nyati wangu ukumbini mapema."

Alipotoka, Mama Chumvi alibaki ameshika meza. Alitamani kumrushia kisu mgongoni, na hakuona haya kutamani hivyo. Huyu mdogo wake amesoma nyayo miaka kumi na minane. Mtoto wa nyoka hafundishwi kuuma, na yeye hafundishwi nyati aliyejeruhiwa anaendewaje! Leseni ikifutwa, hata nyonga ikipona, hakuna kampuni itakayompokea, na jina lake litabaki la mzembe.

Akaipindua ngozi, upande wa manyoya chini, upande wa nyama juu. Hapo ndipo wateja hawaangalii. Wao huona manyoya na pembe, wakadhani ngozi ina upande mmoja.

Baba yake alimfundisha kwamba ngozi haisahau mpaka ikwanguliwe. Risasi ikimpata mnyama angali hai, damu huvilia chini ya ngozi, ikaacha doa jeusi. Ikimpata amekwisha kufa, hakuna doa, maana moyo hausukumi tena. Akalitazama tundu la tumboni: weusi umeenea upana wa sinia. La shingoni: jeusi, ila doa dogo. La begani lilikuwa jeupe pe.

Akakaa chini kwenye magunia ya chumvi. Hospitalini mdogo wake alikuwa amemwambia, zaidi ya mara moja, "Dada, nyati alikuwa ameshakufa, nikasikia mlio mwingine." Daktari alisema ni homa. Mwindaji mkuu alisema ni homa. Na yeye mwenyewe, dada mtu, alimfunika shuka akamwambia, "Lala, mdogo wangu, ni homa." Hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya Mkandarasi, na alijikasirikia mpaka akalia.

Kisha akakirudisha kisu cha kukwangulia kwenye ala. Hakukwangua siku hiyo wala kesho yake.

Alhamisi wachukuzi wawili waliingiza furushi la turubai kwenye ofisi ya kamati. Harufu ilitangulia. Mkandarasi, aliyeitwa kutoa ushahidi, alikuwa ndiyo kwanza anaifikia ile risasi moja ya bega la kushoto. Mwindaji mkuu alikuwa pembeni yake akiitikia kwa kichwa. Msoma nyayo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, anatazama sakafu.

"Hiyo ni ngozi yangu!" Mkandarasi alisema.

"Ni yako, mzee," Mama Chumvi alisema. "Na huyu ni mdogo wangu."

Akaitandaza mezani juu ya mafaili yao, nyama juu. Mwenyekiti, mama aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori, hakuhitaji kuelezwa. Alivaa miwani, akapitisha kidole tumboni, shingoni, mwisho begani, na kidole kikakaa hapo.

"Hii ya begani ilipigwa ya ngapi?"

"Ya kwanza," Mkandarasi alisema.

"Ya kwanza, na haina damu? Ya kwanza ni hii ya tumboni. Ulimpasua matumbo, akakimbia na maumivu yake kichakani, ndipo kijana akatumwa kumfuata. Sivyo?"

Mkandarasi akamgeukia mwindaji mkuu. Mwindaji mkuu alikuwa amepata kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Njia ya mwongo ni fupi, na yao ilikuwa imeishia pale mezani.

Msoma nyayo aliinua uso. "Alipompiga ya begani nilikuwa nimelala hatua tatu kutoka kwa mzoga," alisema. "Nilikuwa naomba maji. Wakasema subiri."

"Ilikuwa ya picha tu," Mkandarasi alisema. "Dakika moja. Picha tu!"

Mwenyekiti alilichukua faili la msoma nyayo, akaandika mstari mmoja, akamrudishia leseni yake mkononi. Mkandarasi alisimama, jasho linamtoka, akamwendea Mama Chumvi.

"Na nyati wangu?"

"Nitakujazia, bosi, kazi ni kazi," Mama Chumvi alisema, akiikunja ngozi. "La begani nitalishona lisionekane. La tumboni nitaliacha. Tena nitalipanua kidogo, wageni wako walione."